Teatri ya kupatanisha: mchezo mfupi, sheria chache

Kamanyola iko katika bonde la Ruzizi, teritwari ya Walungu, karibu na mipaka ya Rwanda na Burundi. Hapa, kama kwenye sehemu nyingine za bonde, wakulima na wafugaji wanatumia udongo na maji yale yale. Ng'ombe wakiingia katika mahindi ya mtu, maneno yanaanza kati ya watu wawili na yanaweza kufika kwa makabila mawili.

Njia moja ya kuzungumzia mambo kama hayo ni teatri shirikishi: waigizaji wanaonyesha ugomvi mbele ya watu, kisha watazamaji wenyewe wanaingia na kushika nafasi. Lakini mchezo huu haufanywi ovyo. Ukikosa sheria, ao ukirefuka kupita kiasi, unaweza kuamsha ugomvi ule ule uliokuja kuutuliza.

Ulitoka wapi?

Chanzo chake kikubwa ni Augusto Boal, mtu wa teatri wa Brazili, aliyezaliwa mwaka 1931 na kufariki mwaka 2009. Serikali ya kijeshi ilimfunga mwaka 1971, kisha akaishi uhamishoni. Katika njia yake, mchezo unaonyeshwa mara ya kwanza na kuishia vibaya. Unarudiwa, na mtazamaji yeyote anaweza kusema "Simama!" na kuchukua nafasi ya mwenye kuonewa, ajaribu njia nyingine. Muongozaji anasimamia yote.

Huku Congo, shirika la Search for Common Ground, pamoja na studio yake Centre Lokole, lilipeleka teatri shirikishi vijijini, hata upande wa Fizi, kule wakimbizi walikokuwa wanarudi kutoka Tanzania.

Dakika ngapi?

Kuna michezo ya kushika nafasi inayochukua masaa mengi. Dungeons & Dragons, iliyotoka Marekani mwaka 1974, ina vitabu vya sheria na kete, na hadithi moja inaweza kuendelea miezi. Inawezekana juu ya wachezaji ni wachache, wanajuana, na wanarudi mezani wale wale. Kwenye uwanja wa soko si hivyo. Watu wanakuja na kwenda, mama anawaza sombe na giza. Basi onyesho la dakika 15 ao 20 linatosha, ili muda mkubwa ubakie kwa watazamaji. Na sheria zinaomba ziwe chache, mtu aliyechelewa azielewe kwa kuangalia tu.

Sheria zenyewe

Kwanza, hakuna jina la kweli: si la mtu, si la kijiji, si la kabila. Mtu akitambuliwa, mchezo unageuka mashitaka.

Pili, anayeingia anatenda, hahubiri. Hotuba tumezisikia za kutosha.

Tatu, hakuna miujiza. Mfugaji akiomba msamaha na kulipa mara moja, muongozaji anauliza watu: "Hii inaweza kutokea kwetu?" Wakikataa, wanatafuta tena.

Ine, hakuna kupigana. Mkono ukiinuka, mchezo unasimama.

Tano, mwisho kila muigizaji anatoka katika nafasi yake mbele ya watu wote na kusema yeye ni nani. Bila hiyo, aliyeigiza mfugaji mkali anaweza kurudi nyumbani na matusi yasiyo yake.

Sheria moja ya Boal inaomba kufikiriwa vizuri huku kwetu: ile ya kubadilisha mwenye kuonewa peke yake. Kati ya mkulima na mfugaji, nani anaonewa? Kila upande utasema, "Ni sisi." Ndiyo maana kwa ugomvi wa namna hii ni heri kufungua nafasi zote. Mkulima akishika fimbo ya mchungaji, ataulizwa mbele ya wote: kiangazi kimekausha majani, njia ya ng'ombe imelimwa, utawapitisha wapi? Na mfugaji akishika jembe, ataulizwa watoto watakula nini.

Mahindi yaliyoliwa hayalipwi na teatri. Malipo na njia ya ng'ombe vinabaki kazi ya shefu, wazee na wenye mali. Ila watakaokaa chini kesho yake watakuwa wamesikia tayari jibu la upande mwingine.