Ngeu ya Kolo

Mafundi seremala wa zamani walikuwa na kipande cha ngeu, udongo mwekundu wenye chuma ndani yake. Walikipaka kwenye uzi, wakauvuta uzi, wakauachia juu ya ubao, na mstari mwekundu ukabaki. Udongo wa namna hiyohiyo, uliosagwa na pengine kuchanganywa na mafuta ya wanyama, ndio uliochora twiga, tembo, pofu na watu warefu wembamba kwenye kuta za mapango ya Kolo, wilayani Kondoa. Mstari wa seremala huondoka na randa siku hiyohiyo. Michoro ya huko Kondoa imedumu kwa miaka isiyopungua elfu mbili, na leo adui yake mmoja ni chupa ya maji mkononi mwa mgeni.

Kolo iko kaskazini ya mji wa Kondoa, kando ya barabara ya kwenda Babati, kwenye miteremko inayopakana na Bonde la Ufa. Tunasema mapango, lakini mengi si mapango hata kidogo. Ni jiwe kubwa lililoinama mbele kama paa la kibaraza, na chini yake pana kivuli, upepo na ukuta mkavu. Mvua haifiki. Ndiyo maana rangi imedumu, na ndiyo maana watu wamekuwa wakija hapo kujikinga tangu enzi ambazo ni shida kuzihesabu. Mwaka 1956 mwanaakiolojia Ray Inskeep alichimba chini ya mwamba wa Kisese, katika eneo hilohilo, na shanga za maganda ya mayai ya mbuni zilizotoka humo zimepimwa baadaye zikaonekana kuanza zaidi ya miaka 40,000 iliyopita. UNESCO iliiingiza michoro ya Kondoa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006: kuta zaidi ya 150 zenye picha, katika eneo la kilomita za mraba 2,336. Hakuna mlango wa kufunga eneo la ukubwa huo.

Mwanaakiolojia Mary Leakey alifika Kondoa mwaka 1951, akapiga kambi na kunakili mamia ya michoro kwa mkono. Alipokuja kuichapa kama kitabu, mwaka 1983, alikipa jina linalosema wazi kwamba sanaa hii inatoweka. Mchoro mmoja alioupenda unaonyesha watu watano, wa katikati akivutwa mikono huku na huku. Yeye aliona utekaji: mwanamke ananyakuliwa, wenzake wanamng'ang'ania. Wengine waliokuja baada yake wameona ngoma, ya aina ya simbo ya Wasandawe, ambamo mchezaji hupandwa na pepo hadi akawa simba, na wenzake humshika asianguke. Mimi naegemea ngoma. Wasandawe bado wapo, jirani tu na kuta hizo, na mtafiti Eric Ten Raa aliyeishi nao aliandika mwaka 1971 kwamba kuchora miambani kwao hakukuwa jambo la mababu wa mbali tu. Picha ikifutika, ubishi huu nao unakwisha, kwa kuwa hakuna nakala inayobeba kila kilichomo ukutani.

Michoro myekundu inahusishwa na wawindaji na waokota matunda, jamaa wa kale wa Wasandawe na Wahadzabe. Myeupe ni ya baadaye, ya wakulima, na mahali pengine imepakwa juu ya ile myekundu bila kuomba radhi.

Hapo ndipo shida ya kuhifadhi inapoanza kuwa ngumu kuliko mabango ya "Usiguse". Kwenye mwamba wa Mungomi wa Kolo, Warangi bado wanafanya tambiko la mvua na uganga. Mnyama huchinjwa, na pombe hurushwa ukutani, juu ya picha zenyewe. Mtaalamu wa kemia akiona hilo anashika kichwa. Lakini tujiulize nani amelinda Mungomi karne zote hizo, kabla ya serikali ya kikoloni kuyaingiza maeneo hayo kwenye orodha ya kumbukumbu mwaka 1937. Ni hofu na heshima ya mahali pa tambiko. Miongo kadhaa iliyopita wahifadhi walizungushia baadhi ya kuta vizimba vya waya. Waya ule ulichukuliwa na watu, ukaenda kufanya kazi nyingine majumbani. Ukimfungia mtu mahali anapoombea mvua, usishangae akikufungulia.

Wapo pia wachimba hazina, wanaoamini kwamba Wajerumani waliokuwa wakikimbia katika Vita vya Kwanza vya Dunia walifukia mali chini ya miamba hiyo. Wanachimba usiku, wanang'oa udongo wenye shanga na zana za mawe, ambao ndio hazina yenyewe.

Mgeni wa mapumziko ni wa aina nyingine, kwa sababu hana nia mbaya. Amekuja kupanda mlima, kula nyama, kupiga picha. Rangi ameiona imefifia, akaimwagia maji kidogo ing'ae mbele ya kamera. Inang'aa kweli, kwa dakika tatu. Maji yanapokauka huacha chumvi juu ya ukuta, na mwagio baada ya mwagio utando mweupe unaganda juu ya picha, huku rangi iliyolegea ikiondoka. Anayewasha moto wa kuchomea nyama chini ya jiwe anaupaka ukuta masizi. Anayepapasa anaacha jasho na mafuta ya vidole. Na yupo anayeokota mkaa akaandika jina lake na la mchumba wake.

Michoro ya miambani haiko Kondoa tu. Wapanda miamba wa Nairobi wanaijua Lukenya, kilima kilicho jirani na Barabara ya Mombasa, ambako zipo kuta zenye alama za ng'ombe zilizochorwa na wafugaji walipojitenga kula nyama. Moru, katikati ya Serengeti, zipo ngao za Wamasai kwa rangi nyekundu, nyeupe na nyeusi, kazi ya morani kabla jamaa zao hawajahamishwa humo mwaka 1959. Msomaji mkali ataniuliza: kwani hao morani hawakuandika ukutani kama huyo wa mkaa? Waliandika. Lakini alama ya ng'ombe ni ya ukoo mzima, na ngao inasema rika na ukoo wa aliyeibeba. Jina la mkaa lina habari moja tu, nayo haimhusu yeyote ila wawili.

Sheria yetu ya Tanzania ya Mambo ya Kale ya 1964 inatambua kama kumbukumbu michoro ya miambani iliyofanywa kabla ya mwaka 1863. Mchoro wa baada ya hapo haulindwi wenyewe, mpaka utangazwe. Kwa kipimo hicho ngao za Moru, na picha yoyote ambayo babu wa Msandawe wa leo aliichora, ziko mashakani. Mwaka huo uwekwe kando. Sanaa iliyoendelea kuchorwa hadi karne ya ishirini haiwezi kulindwa nusu.

Nanyi mnaopanga kwenda Kondoa, barabara sasa ni ya lami na safari ni nyepesi. Simameni kwanza Kolo, mchukue mwongozaji wa kijijini mumlipe, na mkifika Mungomi mkakuta watu wapo kwenye tambiko, ngojeni wamalize. Chakula kiliwe huku chini, mbali na miamba, na maji ya chupa yawe ya kunywa.