Mabaka

Baka ni doa kubwa lenye rangi tofauti na sehemu inayolizunguka. Tunalitaja tukizungumzia ngozi, ng'ombe, au sare za wanajeshi. Mimi nalitumia pia kwa kitu kilichopo lakini hakikuenea sawasawa. Lugha ya ofisini ina "mtawanyiko usio sawa", maneno sahihi yasiyoonyesha chochote. Ukisema mvua imenyesha mabakamabaka, msikilizaji anaona mara moja: huku mahindi yamestawi, kule yamekauka.

Usambara ni nchi ya mabaka. Amani, upande wa mashariki, hupata mvua nyingi kuliko Lushoto. Uwanda wa Mkomazi, uliokingwa na milima usifikiwe na mvua za baharini, ni mkavu. Ukiteremka kutoka Lushoto hadi Mombo, safari ya kilomita zipatazo 33, unaacha baridi na migomba, unakuta joto na mkonge. Wasambaa waliipa tofauti hiyo majina: Shambaai juu, nyika chini. Vijiji vingi vya zamani vilikaa karibu na ukingo wa mlima ili watu walime kote kuwili. Shamba la juu likikosa, la chini huenda likajazia.

Mwaka 1946 Waingereza walianzisha mradi wa kuzuia mmomonyoko wa udongo Mlalo, kisha wakaupanua. Wakulima waliamriwa kuchimba matuta kwenye miteremko, na aliyekaidi aliadhibiwa. Mmomonyoko ulikuwepo kweli. Lakini amri ilikuwa moja, na ardhi haikugawanyika sawa. Mwenye mashamba mengi aliweza kuhimili; mwenye vipande vichache vya mteremkoni alipoteza nguvu na nafasi ya kupanda. Kazi nyingi iliwaangukia wanawake. Mwanahistoria Steven Feierman, katika kitabu chake cha mwaka 1990, Peasant Intellectuals, anaeleza jinsi upinzani huo ulivyokutana na siasa za TANU. Kabla ya uhuru, matuta ya lazima yalikuwa yameachwa.

Ndiyo maana nikisoma kwamba wilaya fulani imepata mvua za wastani, siridhiki. Wastani unaweza kuwa kweli kwa wilaya nzima na uongo kwa shamba la mama mmoja. Neno mabaka linatulazimisha kuuliza: baka kavu limemwangukia nani?