Mzee wa Paris na madirisha ya maduka

Mwaka 1897, huko Chicago, mtu aliyekuwa ameshindwa katika duka lake mwenyewe na kisha katika gazeti lake mwenyewe alianzisha jarida la watu wa kazi moja tu: wapambaji wa madirisha ya maduka. Aliitwa L. Frank Baum, na jarida lake, The Show Window, lilifundisha jinsi ya kupanga vitambaa, viatu na vyombo nyuma ya kioo ili mpita njia asimame, na akishasimama aingie. Picha zilizochapishwa humo zilikuwa za kuigwa: fundi wa mji mwingine atazame, apange kama alivyoona. Mwaka 1900 Baum alitoa kitabu kizima juu ya ufundi huo. Mwaka huohuo alitoa pia hadithi ya watoto kuhusu mchawi wa Oz, na baada ya hapo madirisha akawaachia wengine.

Picha ya kibiashara ya dirisha ina sharti moja, kwamba kioo kisionekane. Nani atalipia picha ya gauni huku tramu imepita juu yake? Kwa hiyo mpiga picha wa kazi hiyo husubiri usiku, taa za ndani zikiwaka na barabara ikiwa giza, au hutundika kitambaa cheusi nyuma ya kamera ili kioo kisipate kitu cha kurudisha. Ufundi huo upo mpaka leo na unalisha watu. Lakini picha za madirisha ambazo watu huzitundika ukutani zilianza na mzee mmoja aliyekiacha kioo kifanye kitakavyo.

Eugène Atget alizaliwa mwaka 1857 katika mji wa Libourne, karibu na Bordeaux, Ufaransa. Aliondokewa na wazazi angali mdogo. Alifanya kazi melini, kisha akawa mwigizaji katika vikundi vilivyozunguka mikoani, hadi maradhi ya koo yakamtoa jukwaani. Akajaribu uchoraji, akaona haumpi riziki, akashika kamera. Nyumbani kwake, mtaa wa Campagne-Première, alitundika kibao cha kutangaza kwamba anauza nyaraka kwa wasanii. Maana yake ilikuwa nyepesi: mchoraji anayetaka kujua ngazi ya zamani inapinda vipi, au kitasa cha mlango wa karne iliyopita kina umbo gani, aje anunue picha akachore.

Karibu na mwaka uleule wa jarida la Baum, Atget aliigeukia Paris ya zamani. Tangu 1853 gavana Haussmann alikuwa amebomoa vichochoro vingi ili kupitisha barabara pana, na bomoabomoa ilikuwa bado inaendelea. Makumbusho ya Carnavalet na maktaba za mji zilitaka kumbukumbu ya kilichobaki, nazo zilikuwa tayari kulipa. Mzee akapata soko. Nalisema hili kwa makusudi, maana tumezoea kusimuliwa habari za msanii anayerandaranda mjini bila shabaha, akivutwa na uzuri tu. Atget alitembea sana, lakini alitembea kama mchuuzi: alijua nani atanunua nini, na jina la mtaa gani lingefungua pochi ya mkutubi.

Kutembea kwenyewe kulikuwa kazi ya hamali. Kamera ilikuwa sanduku la mbao lenye stendi ya miguu mitatu, na badala ya filamu alibeba vioo vya sentimita 18 kwa 24, kila kimoja picha moja. Alipenda kutoka alfajiri, kabla magari ya farasi hayajajaa. Lenzi ilibaki wazi kwa sekunde kadhaa, kwa hiyo mtu akipita mbele yake aligeuka moshi, au hakuonekana kabisa. Nyumbani alibana karatasi juu ya kioo na kuianika juani mpaka picha itokee, kwa ukubwa uleule wa kioo chake. Mafundi wenzake walikuwa wamekwisha kuhamia njia za kisasa zaidi, yeye hakujali.

Miongoni mwa mafungu ya picha zake lilikuwamo la vibao na maduka ya zamani. Hapo ndipo kioo kilipoanza kumwingilia. Katika picha ya mwaka 1908 ya mkahawa wa Au Tambour, ukingoni mwa mto Seine, alichokusudia ni kibao cha ngoma kilichoupa mkahawa jina. Ukitazama mlango, utaona watu wa ndani wakimchungulia, na juu ya kioo hichohicho kivuli cha kamera na cha mwenye kamera. Fundi mwingine angeitupa picha ile akarudi kesho. Atget aliiuza.

Maarufu kuliko zote ni picha ya mwaka 1912 ya duka la korseti, zile nguo za kubana kiuno, katika barabara kuu ya Strasbourg. Dirishani vimepangwa viwiliwili visivyo na kichwa wala miguu, safu kwa safu, vimekazwa viuno hadi vinatisha. Mlangoni nje imetundikwa korseti moja, na kwa kuwa upepo uliitikisa lenzi ikiwa wazi, imetoka ikiwa na ukungu. Katika duka lote hilo, kilicho hai ni nguo tupu.

Mimi binafsi naiweka juu zaidi picha ya mwaka 1925 ya avenue des Gobelins. Kufikia wakati huo mzee alikuwa na nafasi. Mwaka 1920 alikuwa ameiuzia serikali negativu zipatazo 2,600 kwa faranga 10,000, fedha zilizompunguzia haja ya kukimbizana na wateja, na inaonekana wazi kwamba sasa alipiga alichotaka. Dirisha ni la nguo za kiume. Masanamu yamevaa suti, yanatabasamu, vikaratasi vya bei vimebandikwa. Kisha, juu ya hayo yote, limelala jengo la upande wa pili wa barabara pamoja na miti, limeakisiwa kwenye kioo, kiasi kwamba huyaoni tena masanamu yako ndani au nje. Moja linaonekana kama linatembea kati ya matawi. Bei ya suti bado inasomeka. Bidhaa, mji na saa ya siku vimekaa katika kioo kimoja, na wala hakuna hila ya chumba cha giza iliyotumika.

Kwa bahati, mtaani kwake aliishi Mmarekani Man Ray, mpiga picha aliyekuwa karibu na washairi na wachoraji wa usurialisti, watu waliotafuta ndoto katika vitu vya kila siku. Man Ray alinunua picha kadhaa, na mwaka 1926 baadhi zilichapishwa katika jarida lao, La Révolution surréaliste, ile ya korseti ikiwemo. Atget aliomba jina lake lisiwekwe. Alisema hizo ni nyaraka tu. Wengine husema ulikuwa unyenyekevu. Nadhani ilikuwa tahadhari ya mfanyabiashara: wateja wake walikuwa maktaba na makumbusho, na hakuona faida ya kuhesabiwa pamoja na vijana wapiga makelele.

Alifariki Agosti 1927. Muda mfupi kabla ya hapo alikuwa amepigwa picha na Berenice Abbott, kijana wa Kimarekani aliyewahi kuwa msaidizi wa Man Ray. Abbott alipokwenda kumpelekea alikuta mzee ameshatutoka. Mwaka uliofuata alinunua vioo na karatasi zilizobaki nyumbani kwa marehemu, maelfu ya picha, akavihamishia New York, na kwa miaka 40 akavitunza na kuvitangaza, mpaka 1968 vilipochukuliwa na Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya huko. Bila ukaidi wa mwanamke huyo, leo Atget angejulikana na wakutubi wachache wa Paris, basi.

Abbott hakuishia kuwa mlinzi wa mali ya mwenzake. Katika miaka ya 1930, akilipwa na mradi wa serikali wa kuwasaidia wasanii wakati wa mdororo wa uchumi, aliipiga New York mtaa kwa mtaa. Mwaka 1937 alisimama mbele ya duka la mikate la Waitalia katika mtaa wa Bleecker, dirisha limesheheni mikate mirefu na ya duara hadi juu. Duka hilo lilifungwa mwaka 2004. Dirisha lake bado lipo katika makumbusho. Mwaka mmoja kabla ya picha hiyo ya Abbott, katika mji wa Savannah, mpiga picha Walker Evans alipiga dirisha la studio ya picha: nyuso ndogo zaidi ya 200 zimepangwa kama vigae, na neno STUDIO limepakwa rangi katikati. Ni picha ya picha, na wala Evans hakumwomba hata mmoja wao atabasamu.

Mpiga picha Robert Doisneau alikigeuza kibao. Mwaka 1948 alijificha ndani ya duka la vitu vya kale katika rue de Seine, Paris, ambako dirishani palikuwa na mchoro wa mwanamke asiye na nguo, akawapiga waliosimama nje kutazama. Mashuhuri ni bwana mmoja mwenye makamo anayeuibia jicho mchoro huo, huku mkewe akimsimulia habari za picha nyingine. Na Vivian Maier, yaya wa Chicago ambaye maboksi ya negativu zake yaliibuka mnadani mwaka 2007, alitembea na kamera siku zake za mapumziko na kujipiga mwenyewe katika vioo vya maduka, uso mkavu, kamera kifuani.

Nani kati yetu hajajikuta amejitokeza hivyo kwenye simu? Dawa zipo. Bandika lenzi ya simu kwenye kioo na kuikinga kwa kiganja, mwanga wa barabara hautaingia. Mwenye kamera kubwa anaweza kufunga kichujio cha polaraiza, lakini asimame ubavuni, kiasi cha nyuzi 35 kutoka uso wa kioo; akisimama mbele kabisa, kichujio hakimsaidii kitu. Kabla ya kutumia dawa hizo, hata hivyo, itazame kwanza ile suti kati ya matawi.

Pwani yetu haikuwa na vioo vikubwa vingi. Maduka ya Mji Mkongwe na ya Mombasa yalifungwa kwa mbao, bidhaa zikatundikwa mlangoni na kupangwa barazani. Anayepita Kariakoo leo atakuta masanamu yamesimama njiani kabisa, yamevaa dera na suruali, mengine yamefungwa kamba yasianguke. Madirisha ya kutazamwa yalikuwa hasa ya studio za picha. Capital Art Studio ya Unguja, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930 na kuendelezwa na mwanawe, ilihifadhi sura za mji tangu enzi za sultani hadi baada ya Mapinduzi. Sura za watu tunazo. Za maduka yao ni haba.

Nenda basi na simu yako Kariakoo, Mkunazini ya Unguja, au mtaa wa Biashara kule Mombasa. Msalimu mwenye duka na umwombe ruhusa, kwa sababu dirisha ni mali yake. Usingoje duka lipakwe rangi upya. Na ukishapiga, fanya kama Atget, aliyezipa picha zake namba na kuziandikia anwani: andika jina la mtaa, jina la duka na tarehe, kisha weka nakala pengine nje ya simu hiyo.