Kabuku: Wakati Sahihi wa Kupanda Mahindi ya Masika

Kabuku, wilayani Handeni mkoani Tanga, ipo katika ukanda unaopata misimu miwili ya mvua kwa mwaka: Vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba, na Masika, kuanzia Machi hadi Mei. Kwa mkulima anayetegemea mvua pekee, siku ya kupanda huamua kwa kiasi kikubwa kama mahindi yatafika ghalani.

Hatari ya kwanza ni mvua zinazoanza kisha kukatika. Mbegu huota kwa unyevu wa juu juu, miche hunyauka kwa jua, na mkulima hulazimika kununua mbegu upya. Kigezo kinachotumika sana Afrika Mashariki huhesabu msimu kuwa umeanza zinaponyesha angalau milimita 20 ndani ya siku chache, bila kufuatiwa na kipindi kirefu cha ukavu.

Asiye na kipimamvua anaweza kuchimba shamba hadi sentimita 15 na kufinya udongo wa chini kiganjani. Ukishikamana, unyevu umezama. Ukimomonyoka kama vumbi, ni vyema kusubiri.

Hata hivyo, kuchelewa nako kuna gharama. Mahindi ya muda wa kati huchanua takribani siku 60 baada ya kupandwa, na huo ndio wakati ambao ukosefu wa maji hupunguza mavuno zaidi. Yaliyopandwa katikati ya Machi huchanua katikati ya Mei, mvua zikiwa bado zipo. Yaliyopandwa mwishoni mwa Aprili huchanua mwishoni mwa Juni, msimu ukiwa umekwisha.

Kwa sababu hiyo, shamba linapaswa kuwa tayari na mbegu kupatikana kabla ya Machi, ili kusubiri kuwe kwa unyevu pekee. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hutoa mwelekeo wa mvua kabla ya kila msimu na kuuhuisha kadiri msimu unavyoendelea, na maafisa ugani husaidia kuutafsiri kwa mazingira ya kijiji.

Mvua zikichelewa, mbegu za muda mfupi hufaa zaidi. Aidha, kutenga sehemu ya shamba kwa mihogo au mbaazi, mazao yanayostahimili ukame, huiachia kaya chakula hata mahindi yakishindwa.