Moto wa angani na jina la nyanya

Ukiona moto ukikata anga usiku, ujue ni jiwe. Linaingia hewani kwa kasi ya kilomita 11 kwa sekunde au zaidi, likawaka. Tarehe 14 Agosti 1992, tena mchana, moja lilipasuka juu ya Mbale, Uganda. Vipande vikanyesha mashambani. Kimoja cha gramu 3.6 kilipita kwenye majani ya mgomba kikamgonga mvulana kichwani, asiumie. Wengine waliyasaga mawe hayo wakidhani ni dawa ya ukimwi (shida humfanya mtu atafute uponyaji popote). Mwaka 2011 yakaanguka Thika.

Lakini kwetu Gusii mwanga wa usiku tuliambiwa ni omorogi anatembea na chungu cha moto. Mpendwa, neno hilo limeua. Mei 2008, wazee 11 walichomwa Kisii, wanawake 8 na wanaume 3. Oktoba 2021, akina mama 4 kule Marani. Kwa hivyo moto ukipita, na jirani aanze kutaja jina la nyanya fulani, msimulie habari ya Mbale. Kisha nenda kwa huyo nyanya, ulale huko usiku huo.