Ndege wa Oni na Hesabu ya Pasaka

Kitabu cha Mwanzo chasema kwamba Farao alimwoza Yosefu binti wa Potifera, kuhani wa Oni. Mji huo, ambao Wayunani waliuita Heliopolis, ulikuwa mji wa ibada ya jua, na makuhani wake walisifika kwa elimu ya nyota na majira. Humo aliheshimiwa benu, ndege wa jua, ambaye Wamisri walimchora kwa umbo la korongo. Wakazi wa Kibiti na wa delta ya Rufiji wanamfahamu vema korongo, asimamavyo kimya kandokando ya mikoko. Tena wanajua jinsi mto uwezavyo kuwa kalenda: maji ya masika hujaa, hushuka, na katika tope lililobaki mkulima hulima mlao. Ndivyo ilivyokuwa kwa Mto Nili. Si ajabu basi kwamba ndege asimamaye juu ya nchi iliyotangulia kuibuka majini akawa alama ya mwanzo wa vitu vyote.

Herodotus, mwanahistoria Myunani wa karne ya 5 kabla ya Kristo, alimwita ndege huyo feniksi. Watu wa Heliopolis walimwambia kwamba huja kila baada ya miaka 500. Yeye mwenyewe, asema, alimwona katika picha tu. (Laiti wasimulizi wote wangekuwa wakweli hivyo!) Tacitus wa Roma aliandika kwamba wengine walitaja miaka 1461. Hesabu hiyo haikuokotwa njiani. Mwaka wa Wamisri ulikuwa na miezi 12 ya siku 30, na siku 5 za nyongeza. Robo ya siku iliachwa. Kwa hiyo kila miaka minne kalenda ilichepuka siku moja kutoka katika majira ya jua, hata ikatimia miaka 1461 ya kalenda ndipo ikarudi mahali pake. Mwaka wa Nairuzi wa wazee wa pwani yetu, wenye siku 365 zilizohesabiwa kwa miongo ya siku kumi kumi, nao ulichepuka vivyo hivyo.

Mtakatifu Klementi wa Roma, akiwaandikia Wakorintho yapata mwaka 96, alimtaja feniksi kuwa ishara ya ufufuko. Asimulia kwamba ndege mpya huchukua mifupa ya mzazi wake hadi madhabahu ya jua, na makuhani hufungua kumbukumbu za nyakati, wakakuta mwaka wa 500 umetimia.

Makatekista wapendwa, ishara hiyo itumiwe kwa kiasi. Feniksi hurudi ili afe tena. Mwezi Aprili 2024 mafuriko yalifunika mashamba na nyumba huko Rufiji na Kibiti. Aliyepoteza mahindi yake yote asiambiwe kwamba hasara ni zamu tu ya majira. Kristo alikufa mara moja, akafufuka, wala hafi tena.

Hata hivyo, elimu ya hesabu ya Misri haikutupwa. Maaskofu wa Aleksandria walituma barua kila mwaka kutangaza tarehe ya Pasaka. Katika ile ya mwaka 367, Mtakatifu Atanasi aliorodhesha vitabu 27 vya Agano Jipya. Pasaka ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia tarehe 21 Machi. Na mwezi mpevu huleta bamvua. Kwa hiyo mvuvi wa Nyamisati, awe Mkristo au Mwislamu, huona maji makuu yakijaa mikokoni karibu na Juma Kuu, hata kabla padre hajafika na mashua.