Gunia la Viazi, Mkebe wa Filamu

Sokoni Ruiri hakuna mtu hununua gunia la viazi kwa kuangalia juu tu. Unaingiza mkono mpaka chini, maana muuzaji hupanga vile vizuri juu. Ukikuta vimeoza unakataa, na hakuna atakayekuita mkorofi.

Waingereza waliiandika haki hiyo kuwa sheria mwaka 1893, na Kenya ikapata yake, Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, mwaka 1931. Inasema hivi: hata mzigo ukishakufikia, haihesabiki umeukubali kabla hujapata nafasi ya kutosha kuukagua. Kama ulionyeshwa sampuli, mzigo wote lazima ufanane nayo. Na ukiukataa kwa haki, si kazi yako kuurudisha. Inatosha kumjulisha muuzaji.

Mimi hukusanya filamu za zamani, na naona sheria hii inatuhusu sisi hata kuliko watu wa viazi. Filamu ya asetati ikianza kuoza hunuka siki, inasinyaa hadi inakataa kupita kwenye projekta, na ugonjwa huo hauna dawa. Kati ya 1935 na 1937, mradi wa Bantu Educational Kinema Experiment, uliokuwa na makao yake Vugiri, Tanganyika, ulitengeneza filamu 35 hivi, zikazungushwa hadi huku Kenya. Leo zilizobaki unazihesabu kwa vidole. Viazi tutapanda vingine, hizo basi.

Kwa hivyo ukinunua maktaba ya filamu, nusa kila mkebe. Zungusha reli kwa mkono mwanzo hadi mwisho, ulinganishe na orodha. Usikae kimya miezi, wala usianze kukata na kuhariri: hapo sheria itasema umeshapokea.

Lakini kuna kitu mkono haufikii. Sheria ya 1931 inalinda kitu cha kushikika, na hakimiliki haishikiki. Unaweza kununua mikebe 100, yote mizima, na usiruhusiwe kuonyesha watu hata dakika moja. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya 2001, haki hiyo huhamishwa kwa maandishi. Sasa kabla ya kulipa, dai karatasi hizo, na mkataba useme una siku ngapi za kukagua na pesa zitarudi vipi. Bila hayo, umeuziwa mbuzi kwenye gunia.